Mlezi wa Watoto, Bei Maelewano

Jumatatu, 9 Juni 2025

Dada Mwanahamisi ametangaza vita kwenye chai ya asubuhi. Eti nyama ya Idd nimekula kuliko aliyechinja. Eti nisipoanza kuchangia chakula cha nyumba hii, Jumatatu ijayo anampangisha chumba changu Mwalimu Veronika wa mtaa wa pili, ambaye paa lake linavuja. Chumba changu! Chenye dirisha! Mimi, niliyekuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho kule Nanyamba msimu mzima, hadi mizani ilipoanza kunisingizia.

Nikatoka kibarazani nimevimba. Wazo likanijia hapohapo. Wanawake wa mtaa huu wote wako mbioni na ngoma za unyago, na watoto wadogo wanamwagwa kwa Bi Riziki, jirani yetu. Nimemuuliza anatoza kiasi gani. Amejibu kwamba anapokea chochote. Leo amepokea kipande cha sabuni. Sabuni! Riziki inamjia hadi mlangoni, naye anaifagilia uani. Kazi hii naichukua mimi.

Jumanne, 10 Juni

Nimeshinda nikipanga bei. Watu hawajui kupanga bei, wanataja tu. Mtoto anayelala na mtoto anayepanda juu ya kabati watozwe sawa? Upuuzi. Jibu limenijia bafuni: madaraja, kama korosho. Daraja la kwanza ni mtoto mkavu, asiyelia, aliyekula kwao. Daraja la pili ni mwenye mafua, mwenye kuota meno, mwenye maswali. Ajabu, nchi nzima hakuna aliyefikiria hili kabla yangu.

Mteja wa kwanza kaja mwenyewe. Nani? Mwalimu Veronika! Mtu wa Bukoba, ana mtoto wa miaka minne aitwaye Innocent, na alikuwa na kikao shuleni. Aliniomba nikae na mtoto hadi adhuhuri. Nikamwinua Innocent kukadiria uzito. Nikamkagua pua. Nikamweleza mama yake, kwa heshima zote, kwamba mzigo ni daraja la pili ila nitamfikiria.

Akauliza mtoto wake ni daraja la nini. Nikarudia, polepole, nikidhani hakusikia. Akamnyakua na kumpeleka kwa Bi Riziki, huku akisema maneno ya Kihaya ambayo nashukuru sikuyaelewa. Walimu hawana kichwa cha biashara.

Jumatano, 11 Juni

Nimegundua kosa. Si langu, ni la jina. Ukisema unakaa na watoto kwa malipo, watu wanafikiria yaya. Mwanamume mwenye mvi zangu, yaya! Kuanzia leo mimi ni Mlezi. Neno zito, neno la heshima.

Nimekwenda sokoni kwa Selemani, fundi wa mabango. Nilitaka aandike: BW. FARAJI, MLEZI WA WATOTO, BEI MAELEWANO. Kumbe Selemani anatoza kwa neno. Mnyonyaji! Nikamwambia aondoe hayo mawili ya mwisho. Kila mwenye akili anajua kwamba mlezi halei bure. Nimemlipa kwa kuku mmoja wa dada. Hatamkumbuka, alikuwa mwembamba.

Bei imeamuliwa: elfu tatu kwa mtoto, kwa siku. Madaraja nimeyafuta. Watu wa hapa hawajaiva.

Ijumaa, 13 Juni

Bango limejibu! Baada ya swala nimefuatwa na ujumbe mzima: Mzee Mohamedi, mwenyekiti wa mtaa, pamoja na Kassimu, kijana anayewafundisha watoto mpira. Wamevua viatu kibarazani. Wameniita mheshimiwa. Mzee Mohamedi amesema bango limewagusa, wamekaa na wazazi, na wote kwa kauli moja wamekubali niwe mlezi wa watoto wa timu.

Nikauliza wako wangapi, kwa sauti ya mtu asiyejali. Thelathini na wawili! Nilishika mkono wa kiti nisianguke. Kassimu amesema Jumapili kutakuwa na hafla ya kunikabidhi watoto, na nitaombwa kutamka nilichopanga kwa kila mmoja. Nikawaambia nimeshapanga zamani. Kijana machozi yakamlenga. Wepesi wa kulia, vijana wa siku hizi.

Nimemwambia dada kwamba mwalimu wake akatafute chumba kwingine. Akaniuliza kuku wake yuko wapi.

Jumapili, 15 Juni

Meza kuu. Kitambaa cheupe. Maji ya chupa. Wamenivika shada la maua. Watoto wamejipanga mbele yangu, wengi peku, na mpira wao ni wa matambara. Bi Riziki alikaa nyuma kabisa, mkekani, watoto wawili mapajani na mmoja mgongoni. Nilimwonea huruma.

Mzee Mohamedi akatangaza kwamba mlezi ana neno. Nikasimama. Nikasema sina maneno mengi: elfu tatu kwa kila mtoto.

Vigelegele! Sijawahi kuona wateja wakiifurahia bei namna ile. Nikajua nimetaja ndogo, nikaongeza harakaharaka: kila siku! Ngoma ikalia. Mama mmoja akanitupia khanga begani. Kassimu akapiga magoti. Mzee Mohamedi akanishika mkono na kusema kila siku ni mzigo mkubwa mno, wao wataridhika na ya siku moja. Ndipo Mwalimu Veronika, waliyemweka kuwa katibu wa hafla, akaniuliza kwa upole kama nitalipa kwa awamu au kwa mkupuo.

Nitalipa. Mimi!

Nilifungua kinywa nieleze. Lakini watoto wote walikuwa wanapiga kelele, mlezi, mlezi, na wengine wanarukaruka. Maishani mwangu sijawahi kupigiwa makofi, hata na mama yangu. Naandika ukweli. Nikasema kwa mkupuo.

Jumatatu, 16 Juni

Dada hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kwetu hakuna mtu anayeahidi watoto halafu akajificha. Alipokea kodi ya Mwalimu Veronika akaipeleka yote kwa Mzee Mohamedi, kwa jina langu. Mwalimu amehamia chumba chenye dirisha. Mimi niko stoo na magunia ya makopa ya muhogo. Tena dada ameamua kwamba Innocent atashinda nami mama yake akiwa kazini. Bure! Mtoto amejifuta kamasi kwenye suruali yangu, akalala juu ya mguu wangu, na sasa siwezi kuinuka.

Jumatano, 18 Juni

Habari njema! Sifa zangu zimefika hadi Naliendele. Bi Mwanaisha, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa huko, amekuja hadi stoo kuniomba niwe mgeni rasmi kwenye sherehe yao ya harambee. Mgeni rasmi! Hiyo ndiyo kazi ya watu wenye akili: hakuna mtoto, hakuna kamasi, unakaa kitini na kula pilau. Mara hii sirudii ujinga wa kuacha bei hewani. Nikamuuliza waziwazi suala la fedha likoje. Akacheka kwa adabu, akasema nisiwe na wasiwasi, bahasha itakuwa mezani mbele yangu. Nimemwambia watafute bahasha kubwa.