Mkurugenzi Hana Ruhusa ya Kutoka

Idara ya Ruhusa inapenda kuujulisha umma kwamba mfumo wake wa kompyuta umehuishwa kwa mafanikio makubwa, isipokuwa Mkurugenzi alikwama chooni.

Mimi ni naibu wake, na nilikuwepo. Milango yote ya jengo letu inaendeshwa na mfumo huo: unagusisha kitambulisho, mfumo ukiona una ruhusa, unakufungulia. Asubuhi hiyo toleo jipya liliingia, likafuta ruhusa za watu wote. Mafaili yakagoma kufunguka, printa zikanuna, na wananchi kwenye foleni wakaombwa kwa heshima wavute subira. Hali hiyo tuliiita kipindi cha mpito.

Ndipo tukasikia mtu akigonga kutoka ndani ya choo cha viongozi.

Aliitwa fundi wa mitandao, ambaye ni mtoto wa dada yake Mkurugenzi. Aliketi koridoni na laptopu yake, akatueleza kwamba hakuna anayeweza kupewa ruhusa bila idhini ya Mkurugenzi, na toleo jipya linamhesabu Mkurugenzi kuwa mgeni.

"Uambie mimi ndiye Mkurugenzi," sauti ikatoka ndani.

"Nimeuambia, mjomba. Haukujui."

Njia iliyobaki, alisema, ni kuondoa ulinzi wote, kila mtu awe na mamlaka yote kwa muda, kisha apange upya. Mkurugenzi alikataa katakata na kuagiza iundwe kamati. Niliiunda. Chumba cha mikutano hakikufunguka, hivyo kamati ilikaa kwenye ngazi, ikaazimia kukutana tena.

Kisha mlinzi akaleta habari kwamba Waziri ameshuka kwenye gari.

Ndani ya choo, maji yakavutwa.

"Wape wote kila kitu," Mkurugenzi akasema. "Nitoeni humu."

Alitoka akirekebisha tai. Alipokuwa akimtembeza Waziri, huku nyuma mlinzi, wahudumu na hata wananchi walikuwa wakiidhinisha maombi yao wenyewe, na foleni ikaisha kabla ya chakula cha mchana, jambo lililotutia wasiwasi mkubwa. Waziri alipongeza, akaondoka.

Fundi aliporudisha ulinzi, ilibainika kuwa katika pilikapilika zile Mkurugenzi naye alikuwa ameidhinishiwa likizo isiyo na mwisho. Walioidhinisha ni wafanyakazi wote, nami nikiwemo, kwa masikitiko.

Kwa kuwa aliye likizo hana mamlaka, alishuka mwenyewe kaunta kuomba ifutwe. Alihudumiwa papo hapo, bila foleni. Ombi lake lilikataliwa.