Usawa wa Wake Zangu na Chuo Chenu

Dunda, Bagamoyo
Machi 1974

Ndugu Mkuu wa Chuo Kikuu,

Naomba radhi kukukatizia kazi za taifa. Mimi ni Bwanaheri bin Msabaha, mfanyabiashara wa nazi, mwanachama mwenye kadi, na mume wa Bibi Ashura anayefundisha historia chuoni kwako. Ninakuomba kwa adabu zote umwachishe kazi. Hana kosa lolote. Ninaomba hivyo kwa ajili ya usawa.

Usinidhanie mtu wa kale. Usawa niliujua kabla haujapandishwa majukwaani, maana nina wake wawili. Ashura alipokuja kusoma kwenu, nyumba ilipooza, nikamwoa Mwaija kwa ridhaa ya Ashura mwenyewe. Tangu hapo nikimnunulia mmoja doti ya kanga, mwenzake hupata doti ile ile, rangi ile ile. Nikileta samaki changu, huleta wawili wa kimo kimoja. Tuliishi kwa raha mpaka mlipompa Ashura darasa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ashura alipoajiriwa, Mwaija aliniuliza darasa lake yeye liko wapi. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema mwenzake amepewa wanaume wazima, na suruali zao, wanamsikiliza na kuandika anayosema, naye anataka wake. Nikamwambia darasa haliuzwi dukani kama kanga. Akanikumbusha hali ya mume asiyefanya uadilifu baina ya wakeze, jinsi atakavyofufuliwa upande mmoja umepinda.

2. Kwa kuwa sina chuo kikuu cha kumpa, mwanafunzi nikawa mimi. Kila siku baada ya alasiri hukaa mkekani nikafundishwa. Somo la kwanza lilikuwa kuchagua samaki, kwani inadaiwa wauzaji wa sokoni hunitunzia mimi waliolala. Somo la pili ni kumsikiliza mtu mpaka amalize. Hilo nimerudishwa darasa, na bado narudia.

3. Wanawake wa mtaani walianza kwa kuchungulia. Sasa wanakuja na mbuzi zao, wanakuna nazi huku wananisahihisha. Nazi zenyewe ni zangu. Mama yangu mzazi naye huhudhuria, na maswali magumu yote hutoka kwake.

4. Ndugu Pazi, mwenyekiti wa tawi letu, hawezi kuona kundi la watu akapita bila kulihutubia. Alisimama uani kwangu akatangaza kwamba enzi ya chuo cha mabwana wachache imekwisha, kwamba hiki ndicho Chuo Kikuu cha Umma, na kwamba mimi ni mfano wa mnyonge aliyekombolewa. Akapigiwa vigelegele. Siku hizi wageni huletwa kutoka Zinga na Kiwangwa kunitazama nikijibu maswali. Wa Kiwangwa walileta mananasi, wakampa mwalimu.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, ukimwachisha Ashura, Mwaija hatakuwa na wa kujilinganisha naye. Chuo chake kitakufa, nami nitarudi barazani kwa wenzangu. Ukiona Ashura ataonewa akiondoka peke yake, basi waachishe walimu wanawake wote, ili usawa utimie.

Nisalimie walimu, wanafunzi, wapishi na askari wa langoni. Huku sote hatujambo, isipokuwa mimi.

Wako katika kulijenga taifa,
Bwanaheri bin Msabaha

Baada ya sahihi: Nilimpelekea Ndugu Pazi barua hii aigonge muhuri wa tawi. Aliipenda mno. Jana alipanda jukwaani pale sokoni, akasema wananchi wa Bagamoyo wanataka wanawake watolewe vyuoni, Ashura awe wa kwanza, kisha akaninyooshea kidole nisimame kumuunga mkono. Nilisimama. Wallahi nilikusudia kumuunga. Lakini kumsikia mwanamume mwingine akimfukuza Ashura wangu kulinichemsha damu, nikasema mbele ya umati kwamba atakayemgusa mke wangu na kazi yake atanikuta mimi mlangoni. Nampenda, Ndugu Mkuu, na ninajivuna naye, ingawa sijapata kumwambia. Kwa hiyo tafadhali barua hii ichane, na Ashura abaki. Mwaija naye alimwandikisha Ndugu Pazi darasani papo hapo, umma ukishuhudia, naye hakuweza kukataa chuo alichokizindua mwenyewe.