Siku Bibi Kastabini Alipouzuia Ulimi Wake

Je, mmepata kusikia, enyi mlioketi mikekani na ninyi mnaosikiliza mkiwa mmesimama na sufuria mkononi, habari za asubuhi ile Bibi Kastabini alipotuma ujumbe mmoja wa sauti? Kama bado, acheni maji yachemke yenyewe, msogee. Jambo hili ni kubwa, na pale litakapopungua ukubwa, tutaliongezea.

Shujaa wetu alikuwa fundi cherehani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi nyuma ya sikio, mshinda mapindo na mtiisha mikunjo. Kidoleni alivaa kastabini, ile kofia ndogo ya bati inayokinga kidole na sindano, wala hakuivua hata alipokula, na ndiyo iliyompa jina. Katika ufalme wake wa chumba kimoja ilikuwako sheria isiyovunjwa: shati halitoki mlangoni mpaka mwenyewe alivae, ainue mikono, ageuke, ndipo kifungo cha mwisho kishonwe. Na msumarini, karibu na dirisha, lilining'inia shati la buluu la mwanawe kitindamimba, dereva wa lori, likikosa kifungo cha shingoni. Mvua zilikuja zikaenda, na mama alikuwa akingoja, ila yeye alidai anayengoja ni shati.

Basi asubuhi hiyo simu ikatetemeka juu ya meza ya cherehani kama ngoma ya vita. Mwana alikuwa ameandika kwamba mama asijisumbue, ampe shati mtu yeyote anayekuja upande wake, litafika. Kisha akamalizia kwa lile neno ambalo siku hizi liko katika kila kinywa, tangu muuza mkaa hadi mgeni rasmi jukwaani: "Tuko pamoja."

Ewe hasira ya akina mama, shuka ututie nguvu ya kusimulia. Bibi Kastabini aliyasoma maneno yale akiwa ameinua miwani, akayasoma tena akiwa ameishusha, na kila mara yalizidi kuwa baridi. Pamoja wapi, na yeye yuko huko na mimi niko hapa? Akaitisha baraza la vita. Wajumbe walikuwa wawili: binti yake mkubwa, aliyekuwa akichambua maharage, na dobi wa kibarazani, bingwa wa pasi ya mkaa.

Dobi ndiye aliyetoa hukumu kwanza. "Mama, mteja akishaniambia tuko pamoja, nguo zake hukaa kwangu mpaka mende wazizoee. Hilo ni neno la mtu anayeondoka."

Binti akakataa katakata. Alisema ndugu yake alimwambia maneno hayo hayo siku yeye binti alipolazwa hospitalini, ndugu amemshika mkono, machozi yanamlenga. Kwenye maandishi hakuna sauti, alisema. Sauti anaitia msomaji, na mama leo ameitia ya ugomvi. Kisha akaweka ungo chini.

"Na hiyo 'haya, kazi njema' yako je, mama? Kila akikupigia, akianza tu kuvuta maneno kama mwenye la moyoni, unamwambia kazi njema. Hata mimi ukiniambia hivyo huwa natafuta viatu vyangu."

Bibi Kastabini alijitetea kwa hotuba ndefu: kwamba neno lile ni dua, kwamba ndani yake mna breki zisikatike, usingizi usimchukue barabarani, na chakula kisimpite. Yote hayo yamo, na analisema kwa upole.

"Unalisema kama mtu anayefunga duka," binti akajibu.

Mkuki ule ulipenya. Shujaa akalitazama lile shati, kisha akainyakua simu. Alibonyeza alama ya kurekodi, simu isishtuke. Akabonyeza kama anayeua kunguni. Akaishutumu betri, akaushutumu mtandao, akamshutumu na marehemu mumewe ambaye hakuwahi kuzipenda simu, hadi dobi alipomwambia taratibu, "Mama, vua kwanza hiyo kofia ya kidole."

Kofia ya chuma ikavuliwa mbele ya mashahidi. Kidole kikatoka kimesinyaa, cheupe, kama kifaranga aliyeanguliwa sasa hivi.

Katika shambulio la kwanza alieleza habari za kola, akaeleza kikohozi cha dobi na bei ya uzi, na alipofika kwenye lango la maneno yenyewe, ulimi ukateleza: haya, kazi njema. Binti akaufuta ujumbe. Katika la pili alifika mbali zaidi, akasema "mwanangu" kwa sauti iliyotetemeka, na papo hapo kazi njema ikaruka nje kama panya aliyefunuliwa gunia. Dobi alicheka nusura aunguze suruali ya watu. Bibi naye akacheka, akijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Kumbe adui namlisha mwenyewe," alisema.

Ndipo akalishusha shati msumarini, akalilaza mapajani, akashika utepe wa kupimia mkono mmoja na simu mkono wa pili.

"Mwanangu, shati lilikwisha zamani. Kifungo ninacho hapa mfukoni, nilikificha. Nataka kukuona."

Na kwa kuwa adui alishafika menoni, akaung'ata utepe kwa nguvu zake zote, akainua kidole. Ujumbe ukaenda.

Na iandikwe, basi, kwamba siku hiyo hakuna ngome iliyoanguka ila kibiringo cha uzi kilichoviringika hadi uvunguni, na kwamba dobi aliinua pasi juu kwa heshima, majivu yakamwagikia shati jeupe alilokwisha kulinyoosha. Vizazi vitasimulia, visiposimulia, binti atasimulia, maana mdomo anao.

Bibi alikuwa bado ameung'ata utepe simu ilipotetemeka. Safari hii hayakuwa maandishi. Ilikuwa sauti, na nyuma yake injini ya lori ikinguruma, kisha ikazimwa.

"Mama," ikasema. "Hicho kifungo usikishone. Nakuja. Nilikuwa nangoja tu uniite."