Kipimo cha Marahaba

Napenda kuutangazia umma wa Tabora, kuanzia Chemchem mpaka Isevya na vijiji vyote vinavyotuletea wagonjwa, kwamba hospitali yetu imemaliza kabisa tatizo la kesi ngumu za dharura. Hatukununua mashine. Hatukuongeza madaktari. Tulitumia shikamoo.

Mimi naitwa Eustadia, na cheo changu ni Msalimiaji Mkuu, Mapokezi ya Dharura. Zamani niliuza karanga za kuchemsha pale nje ya geti. Kamati ilinichagua kwa sababu napiga magoti vizuri na sina maneno mengi. Nilipewa koti jeupe na mkeka mdogo wa kupigia magoti. Tangu siku hiyo hata walinzi wananiita dokta, nami sijaona sababu ya kuwavunja moyo.

Mambo yalianza hivi. Mzee Octavian, Mwenyekiti wa Kamati ya hospitali, alikuja siku moja na kizunguzungu. Nesi, ambaye alikuwa amebana mkono wa mtu anayevuja damu, akamwambia, "Mzee, kaa hapo kwanza." Bila shikamoo! Kizunguzungu kikamwisha palepale kwa hasira. Haukupita muda akatoa mwongozo.

"Marahaba," alituambia kwenye semina, "ni kipimo kamili. Mgonjwa akiitikia, ujue masikio yanafanya kazi, akili inafanya kazi, mapafu yanafanya kazi, na malezi yapo. Nitajieni mashine inayopima malezi."

Hakuna aliyeitaja. Tulikuwa tunasubiri soda.

Mwongozo ulieleweka. Mgonjwa akiwa mkubwa kuliko mhudumu, atasalimiwa, naye ataitikia kwa kauli, ndipo aguswe. Akiwa mdogo, atasalimu yeye. Wakilingana umri, suala litapelekwa kwenye Kamati. Aliyezimia atasalimiwa kwa sauti ya juu zaidi. Waliofariki tu ndio hawasalimiwi wala hawasemeshwi. Hao wahudumiwe moja kwa moja. Kipengele hiki cha mwisho kiliombwa na mtu wa mochwari, aliyesema kazi yake imekwama.

Daktari wa zamu, Dokta Wafaa, binti wa hapahapa Chemchem, alinyoosha mkono. "Mwenyekiti, na asiyeweza kusema?"

"Atasubiri aweze."

"Na ikiwa ni dharura?"

"Binti yangu," alisema Mzee Octavian kwa upole wa mtu aliyekwisha kukasirika, "enzi za misafara watu walitoka pwani kwa miguu, mizigo kichwani, miezi na miezi, na walipofika hapa walisalimu kwanza. Leo mtu katoka Isevya kwa bodaboda, eti hana muda!"

Akaongeza kwamba mhudumu atakayemgusa mgonjwa kabla ya marahaba atahamishiwa Usinge, kule porini kwenye mizinga, akawasalimie nyuki. Dokta Wafaa alishusha mkono.

Mafanikio hayakuchelewa. Mzee mmoja aliyezimia juani tulimpigia shikamoo wote kwa pamoja, walinzi na mama wa chai wakiwemo, akazinduka akidhani ni kiyama. Ripoti ikaandika: amepona kwa salamu. Hospitali za mikoa jirani zikaomba kuja kujifunza, na siku ya wageni ikapangwa.

Siku hiyo asubuhi, kabla hata viti havijafutwa vumbi, gari la tumbaku likamshusha Mama Janeti.

Alikuwa mwanamke mnene, mwenye heshima zake, kutoka Ulyankulu. Mumewe, Teofili, alimshika mkono. Mdomo wa Mama Janeti ulikuwa wazi kama mlango wa ghala, na haufungiki.

Nikatandika mkeka, nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"A-a-a-a," akasema Mama Janeti.

Nikarudia. Akarudia. Machozi yakamtiririka mpaka shingoni.

"Jamani, alipiga mwayo tu," Teofili akaeleza. "Tulikuwa tunapanga majani ya tumbaku. Akapiga mwayo, nikasikia ko! Tangu hapo hali, hanywi, hanigombezi. Naogopa, dada. Huyu hajawahi kuacha kunigombeza."

Dokta Wafaa alikuja mbio, akachungulia kwa mbali, mikono nyuma. "Taya limetoka mahali pake. Nikiingiza vidole gumba viwili na kulisukuma chini, linarudi. Ni kitu cha dakika moja."

"Kwanza marahaba," alisema Katibu wa Kamati, Bwana Azan.

"Ameitikia! Umemsikia!"

Bwana Azan ni mtu wa haki. Alimwomba Mama Janeti arudie, akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaenda kumuuliza Mwenyekiti, aliyekuwa anajaribu suti yake ofisini. "Vokali zote zipo, Mwenyekiti. Zinazokosekana ni konsonanti."

"Hospitali hii haipokei marahaba nusu," likatoka jibu.

Kwa huruma yake, Bwana Azan alitafuta njia. "Mzee Teofili, kuna kipengele cha waliofariki. Tukimwandika mama kuwa marehemu, anahudumiwa sasa hivi."

"Marehemu!" Teofili aliruka. "Nikirudi Ulyankulu kaka zake nitawaambia nini? Kwamba amefariki lakini yuko jikoni?"

Mama Janeti yeye hakujadili. Alivua kandambili ya kulia akamrushia Katibu, ikampata begani. Bwana Azan aliichukua kama kielelezo.

Basi wakakaa kwenye benchi. Teofili alimpepea mkewe kwa kofia. Dokta Wafaa alipita mbele yao, akarudi, akapita tena, anasugua vidole gumba vyake kama mtu anayeona baridi.

Mchana wageni wakafika na suti zao na kamera. Walipangwa mbele ya mapokezi. Ratiba ilionyesha kwamba Mwenyekiti ataonyesha Marahaba ya Mfano.

Lazima niseme ukweli, marahaba ya Mzee Octavian ilikuwa haina mpinzani Unyamwezi mzima. Ilianza chini tumboni, ikapanda, ikanyooka kama honi ya treni inayotoka kwenda Kigoma. Wageni wakasema kwa pamoja, "Shikamoo, Mwenyekiti!" Mzee Octavian akavuta pumzi, akafumbua kinywa.

"Maraha—"

Ko!

Tukasubiri iliyobaki. Haikuja. Mwenyekiti alisimama mdomo wazi, macho yamemtoka, kidevu kimeelekea kushoto. Wageni wakapiga makofi na kupiga picha. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Onyesho zuri. Anaigiza mgonjwa."

"A-a-a-a!" alisema Mwenyekiti, akimwonyesha Dokta Wafaa taya kwa vidole vyote.

Dokta Wafaa alirudisha mikono nyuma. "Eustadia, msalimie mgonjwa."

Nikatandika mkeka. "Shikamoo, mzee."

"A-a-a-a!"

"Konsonanti hazipo," Bwana Azan alisema kwa masikitiko.

"Basi tengueni mwongozo," Dokta Wafaa akasema.

"Unatenguliwa na Mwenyekiti tu, kwa kauli yake mwenyewe. Mwenyekiti, unatengua?"

"A! A! A!"

"Hajatengua."

Tukampeleka kwenye benchi. Teofili akasogea kumpa nafasi. "Karibu, mzee. Sisi tupo hapa tangu asubuhi. Ukiegemea ukuta mate hayatiririki sana."

Wakakaa wawili hao, Mama Janeti na Mwenyekiti, midomo wazi, wakitazama ukuta mmoja. Inzi alikuja, akazunguka, akashindwa kuchagua.

Dokta Wafaa akamgeukia Bwana Azan. "Katibu, kile kipengele cha asubuhi bado kipo?"

"Cha marehemu? Kipo."

Mzee Octavian alitikisa kichwa kwa nguvu mpaka tai ikageukia mgongoni.

"Mwenyekiti anatikisa kichwa," nikasema kwa sauti ndogo.

"Nimeona," alisema Bwana Azan. "Lakini kwa mujibu wa mwongozo, kichwa si kauli." Akawageukia wajumbe wa Kamati waliokuja kupokea wageni. "Pendekezo ni kwamba Mwenyekiti wetu mpendwa atambulike kuwa marehemu ili aokolewe. Asiyekubali aseme."

"AAAA!" alisema Mwenyekiti.

"Naona hakuna."

Dokta Wafaa akatia sahihi. Wageni wakavua kofia. Tukasimama kimya kidogo, na marehemu naye akasimama, akijaribu kumnyang'anya Katibu kalamu.

"Kwa kuwa kiti kipo wazi," Bwana Azan akaendelea, "nakikaimu mimi. Sasa tumhudumie marehemu..."

Hapo Mama Janeti akainama, akavua kandambili ya kushoto.

Kaimu Mwenyekiti alishika bega lake. Akatafakari. "Hata hivyo," alisema, "marehemu hana haraka. Natengua kipengele cha marahaba kwa wagonjwa walio hai. Tuanze na mama."

Dokta Wafaa hakungoja neno la pili. Alifunga vidole gumba kwa bandeji, akaviingiza, akasukuma chini, akarudisha nyuma. Ko! Mdomo ukafungika. Mama Janeti akajishika mashavu, akaufungua kidogo, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akanigeukia mimi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Nilikusikia tangu asubuhi." Akamgeukia Bwana Azan. "Wewe, kandambili yangu." Akamgeukia mumewe. "Na wewe Teofili, tumbaku umemwachia nani?"

Teofili alilia kwa furaha, anagombezwa mpaka getini.

Marehemu alirudishiwa taya lake mwisho wa ratiba, baada ya wageni kula pilau. Lilipokaa tu akanguruma, "Nani kaniandika mimi nimekufa?" Hakuna aliyemjibu. Tulimsikia vizuri sana, lakini mwongozo wake uko wazi: waliofariki hawasemeshwi. Kaimu alitengua kipengele cha walio hai tu.

Mpaka leo Mzee Octavian anafika asubuhi kufuatilia ufufuo wake. Suala hilo ni kesi ngumu, na kesi ngumu zinaanzia mapokezi, kwangu. Mwanzoni alipiga meza. Siku hizi anavua kofia mlangoni, anasimama mbele ya mkeka wangu, anainamisha kichwa chake chenye mvi na kusema taratibu, "Shikamoo, dokta."

Mimi nimelelewa vizuri, ulimi unaniwasha. Lakini kazi ni kazi. Natazama dari mpaka aondoke, kisha naandika taarifa ya siku kama nilivyofundishwa: marehemu amefika, sauti yake ni safi, anaendelea vizuri.