Injini Iliyogonga Wiki ya Harusi ya Adila

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepigwa na butwaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Adila, binti yangu wa pekee, kaniambia kwamba Jumamosi akishaozwa atapelekwa kwa mumewe Bagamoyo kwa gari la mjomba wake Nawaf. Si langu. La Nawaf, kaka wa mke wangu, mtu anayefuta dashibodi kwa kitambaa cha miwani.

Nikauliza sababu. Akasema kwa adabu kwamba gari langu linagonga. Rukaya, mama yake, akaongeza kuwa nikipeleka wateja kuwaonyesha viwanja, Mapinga nzima inajua nimeondoka.

Haya, linagonga. Likiwa limesimama linaunguruma vizuri tu. Nikikanyaga mafuta ndipo injini inalia kama misumari ndani ya kopo. Imeanza wiki iliyopita. Sijui kwa nini.

Baba nipo hai, gari ninalo, na mwanangu anapelekwa na mtu mwingine. Sijala.

Jumanne, 10 Juni

Kwa fundi Mwinyijuma. Swali lake la kwanza: nimebadilisha petroli? Nikasema hapana, naweka kituoni kama kawaida.

Ukweli ni kwamba nanunua kwa jamaa mmoja wa Mkange anayeleta kwenye madumu, kwa bei ya kirafiki. Inanukia kidogo. Petroli gani hainukii? Sikuona haja ya kumchosha fundi kwa habari hizo.

Akasikiliza, akapima oili, akasema hakuna chuma kilichokufa. Ni petroli inawaka kabla ya wakati wake injini ikipewa kazi. Akabadilisha plagi, akairudisha taimingi nyuma ili cheche ichelewe kidogo. Kugonga kukaisha. Na nguvu zikaisha. Njiani nimepitwa na bajaji iliyobeba kabati. Dereva akanisalimu. Nikaitikia.

Jumatano, 11 Juni

Nimechukua spana nikaisogeza taimingi mbele mwenyewe. Nikasogeza na akiba kidogo. Gari sasa linagonga mpaka jirani yetu Mwajabu katoka nje kuuliza nani anavunja ukuta.

Nikawaza sana. Nani anafaidika gari langu likiharibika? Jibu lilinishtua. Nikaenda kwa Nawaf kumwambia usoni kwamba najua kamwaga kitu kwenye injini yangu. Akaduwaa. Kisha akaniuliza kama nimelala vizuri, akaagiza chai na vitumbua. Nikala sita. Ni vigumu kuendelea kumtuhumu mtu mdomo ukiwa umejaa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi kwa Mwinyijuma. Leo hakuuliza. Alifungua tenki, akanusa, akafunga.

“Bwana Dadi,” akasema, “haya ni mafuta ya taa. Petroli imeyasindikiza tu. Haya ndiyo yanayokugongea injini.”

Nikashangaa kwa ustadi mkubwa, mpaka akanipa pole na kulaani watu wa vituoni. Akayatoa yote, akaweka petroli safi, akairudisha taimingi mahali pake. Gari limetulia. Unakanyaga, linaondoka bila neno.

Nikampitisha Adila mbele ya nyumba mara tatu. Akafurahi kweli, akanishika mkono. Kisha akasema amekwisha kumwahidi mjomba na hawezi kumvunjia heshima. Nimekaa kibarazani mpaka Rukaya kaniuliza kama naumwa.

Mafuta niliyotolewa nimerudi nayo. Madumu mawili. Siyo vitu vya kutupa.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala nimejitolea kumwoshea Nawaf gari lake, kulipa vile vitumbua. Macho yakamlengalenga. Akaingia ndani kuleta sharubati.

Tenki lake lilikuwa karibu tupu. Sasa limejaa.

Mpango ni safi. Kesho atawasha mbele ya wageni, injini itagonga palepale uani, na Adila atakimbilia kwa babake. Hakuna atakayeumia.

Jumamosi, 14 Juni

Ndoa imefungwa vizuri. Bibi harusi akatoka. Nikasimama karibu na gari langu, mlango wazi, nikisubiri Nawaf akanyage mafuta aaibike. Akaja moja kwa moja kwangu, akaniwekea ufunguo wake kiganjani.

“Shemeji, nimefikiri usiku kucha,” akasema mbele ya watu wote. “Mimi nani hata nimpeleke mwanao? Endesha wewe. Mimi nitawabeba kina shangazi kwa gari lako.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Rukaya akalia. Nilitafuta sababu ya kukataa, sikuipata hata moja ya kusemeka.

Kabla hatujafika Kerege gari likaanza. Si misumari tena, nyundo. Nikaenda polepole. Adila nyuma, shela kichwani. Mwishowe:

“Baba, mbona linagonga kama letu?”

“Barabara hii,” nikamwambia.

Tulipofika Zinga likachemka, likazima. Nawaf akasimama nyuma yetu, kwa gari langu, lililokuja kimya kabisa. Kina shangazi wakabanana, Adila akaingia, wakaondoka. Mwanangu kafika kwa mumewe ndani ya gari langu, akiendeshwa na Nawaf. Mimi nimebaki kando ya barabara na kanzu ya harusi.

Mwinyijuma, aliyepigiwa simu na Nawaf, akaja. Alinusa tenki. Kisha akaniangalia mimi.

Jumapili, 15 Juni

Nawaf amepiga simu kuniomba radhi kwa gari lake kuniaibisha siku kubwa kama ile. Nimemsamehe. Nimemshauri awe makini na anakonunua petroli.

Jambo moja limenishtua. Mkwe wangu Amiri, siku moja tu tangu aoe, breki za gari lake zinapiga kelele, naye anataka kumpigia Mwinyijuma. Kijana hana wazee wa kumwelekeza? Nimemwambia asihangaike na mafundi, mimi mkwewe nipo. Breki ikilia maana yake ni kavu.

Kesho asubuhi naenda Bagamoyo na chupa ya mafuta ya nazi.