Mashine Haipigi Hodi

Jamani, leo sura yangu sina pa kuiweka.

Mnaijua gesti yangu ya Ipagala, vyumba sita mstari mmoja, milango yote inatazama uani. (Choo kiko nyuma. Hicho nacho kina kisa chake, tukiache.) Asubuhi wameingia wageni kutoka Kondoa kumposa binti yangu Mwajuma: kijana mwenyewe Shabani, mjomba wake, na mama yake. Mama safari imemvunja kiuno. Nikampa chumba cha tatu apumzike.

Wasiwasi wangu ulikuwa kazi ya huyu kijana. "Mwanangu, unafanya kazi gani hasa?"

"Naandika lugha ya mashine, baba. Ya kompyuta. Ni namba tupu."

Namba tupu! Mwanangu atakula namba? (Kompyuta yenyewe, mara ya kwanza kuiona nilidhani televisheni imeharibika.)

Kijana akanieleza kwa adabu. "Chukua hivi vyumba vyako, baba. Kumbukumbu ya kompyuta ndivyo ilivyo. Vyumba vimepangana, kila kimoja na namba yake, ndani kuna kitu. Ila sisi tunaanza kuhesabu na sifuri. Mashine ukiipa namba, inakwenda, inafungua. Haiulizi ni kwa nani. Haipigi hodi. Ukikosea mlango mmoja tu, kazi yote imeharibika."

Nikaelewa! Mimi wa darasa la tatu, nimeelewa! Kichwa kikavimba hapo hapo.

"Basi leo mashine ni mimi! Mama Mwajuma, soda ziko wapi?"

"Chumba cha nne," akajibu mke wangu. "Na usituaibishe."

"Cha nne, ukianza na sifuri, ni namba tatu!"

Mjomba akapiga makofi. Nikaondoka kifua mbele, nahesabu milango kwa sauti: "Moja! Mbili! Tatu!"

Nikafungua. Bila hodi.

Mkwe wangu mtarajiwa, mama yake Shabani, kakaa kitandani, khanga moja kifuani, mgongo wazi unang'aa mafuta ya kuchua. Tukatazamana. Badala ya kukimbia nikasema, "Nimefuata soda." (Soda, jamani!)

Ukelele. Kandambili ikanipata sikioni. Kurudi uani, Mwajuma kajifunika uso: "Baba, umeniharibia!" Mjomba kashavaa kofia. "Shabani, inuka twende zetu."

Shabani akaninong'oneza, "Baba, ulianza na moja, si sifuri."

"Sasa si ungenishtua!"

"Mashine ikishaanza kazi haisemeshwi, baba."

Mara sauti ikatoka chumba cha tatu: "Kaeni chini nyote! Posa iko palepale, binti nimempenda. Ila siku ya harusi huyo mzee afungwe kengele shingoni kama beberu, nimsikie akiwa mbali!"

Mwajuma alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu kaninyang'anya funguo zote za gesti, basi jueni hali ni mbaya.

Nawaandikia kwa kidole kimoja kutoka duka la intaneti, Majengo. Kabla ya kuigusa hii kompyuta nimeipigia hodi, mhudumu bado ananikodolea macho. Msinicheke. Harusini karibuni nyote, mtanisikia nikija.