Vaibu la Staha, Toleo la Kwanza

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Leo nimeanzisha jarida la muziki la vijana. Sikupanga. Lilinitoka mdomoni.

Ilikuwa hivi. Mke wangu, Mama Devotha, amenunua cherehani. Imeshushwa kwenye bodaboda saa tatu asubuhi mbele ya steshenari yangu hapa Mkomaindo, Masasi, na Modest amesimama mlangoni kwake ng'ambo ya barabara. Modest naye ana steshenari. Ana printa mpya ya rangi na kibao kinachowaka. Akaniuliza, kwa ule upole wake, kama sasa nimeamua kuwa fundi nguo. Nikamjibu kwamba hiyo ni mashine ya kubania majarida. Majarida gani? Ya muziki, nikasema, ya vijana. Akanyamaza. Miaka minne tunatazamana na sijawahi kumnyamazisha mtu huyu.

Sasa itabidi jarida liwepo.

Mchana, habari mbaya. Mama Devotha kasema chumba cha mbele, hiki cha steshenari, ni urithi wake kutoka kwa marehemu baba yake, na anakitaka kwa ushonaji. Amenipa hadi Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 16. Nikiwa nimeuza kitu cha kueleweka, chumba kinabaki changu. Nisipouza, mimi na kompyuta yangu tunahamia stoo, kwenye magunia ya korosho. Kwa sasa cherehani iko chumbani kwetu, upande wangu wa kitanda. Nimejigonga ugoko mara mbili.

Jumanne, 5 Novemba

Kikao cha bodi ya uhariri. Waliohudhuria: mimi, na binti yangu Devotha alipotoka shule. Yuko kidato cha tatu, kwa hiyo anawakilisha vijana wote wa Masasi na Newala.

Nilipendekeza jina: Kijana na Muziki wa Maadili. Devotha akalaza kichwa mezani na hakukiinua kwa muda. Yeye anataka Vaibu. Neno gani hilo. Tumevutana mpaka uji ukapoa, tukafikia mwafaka: VAIBU LA STAHA. Ameomba nisimtaje popote.

Kurasa nane. Amenifundisha jambo la kitaalamu: ukurasa ambao habari yake haijapatikana unaujaza kwanza maneno yoyote, uone safu zinavyokaa, kisha baadaye unayatoa. Ukurasa wa nane, wa nyuma kabisa, ni wa nyimbo bora: KUMI KALI ZA WIKI. Kwa kuwa siujui wimbo hata mmoja, nimebandika tangazo la zamani lililokuwa kwenye kompyuta, ratiba ya mgao wa maji. Nilimchapia mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Newala mwaka juzi, alipokuja huku kumwona mgonjwa hospitalini. Hakurudi kulichukua. Limekaa vizuri mno kwenye safu. Nitalitoa.

Alhamisi, 7 Novemba

Newala, kwa Noah ya abiria ya asubuhi, kumpiga picha nyota wa jalada. Anaitwa Stamili, miaka ishirini na miwili. Anaimba, na mchana anakaa kwenye kibanda cha miamala ya simu jirani na stendi. Aliniamkia vizuri: shikamoo mzee. Nikamwambia niite mhariri. Akasema shikamoo mzee mhariri.

Hili ni jalada lake la kwanza maishani. Gauni la kuazima. Nywele amesuka tangu juzi. Nyumbani kwao walikuwa na ndoo moja ya maji ya siku mbili, na mama yake kamwachia nusu nzima aoge kwa ajili ya picha yangu. Sharti lake moja tu: jaladani awe peke yake. Nikamwapia.

Alitaka pia nyimbo zake zishike nafasi ya kwanza hadi ya kumi kwenye Kumi Kali. Nikamuuliza anazo ngapi. Tatu. Suala hilo tumeliweka kiporo.

Kabla ya kurudi nilikula ming'oko kwa Mama Oliva, anayeichemsha na kuiuza pale stendi. Mizizi ya moto, laini, chumvi ya kutosha. Nikaomba maji ya kunawa. Akanitazama kama nimemposa. Nimejifutia kwenye suruali.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku nzima nasanifu jalada. Picha ya Stamili ni nzuri, ila kona ya chini ilikuwa tupu. Nikaweka picha yangu, ndogo, ndani ya duara, msomaji ajue jarida lina mwenyewe. Saa nne duara likaonekana dogo. Saa sita nikalikuza. Saa nane Stamili akasogea kidogo. Kufikia saa kumi amebaki bega, sikio na jicho moja. Ahadi sijaivunja. Mimi niko ndani ya duara, jalada ni lake.

Wino mwekundu umeisha katikati ya kuchapa. Sote tumetoka kijani. Modest anao wa akiba, nauona kutoka hapa. Afadhali kijani.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa Mama Devotha kabaki kwenye mazoezi ya kwaya. Saa tatu za uhuru!

Nakala mia zipo, pini za stepla hazipo. Lakini cherehani ipo. Nimejifunza kushona kwa dakika kumi, sijui watu huko vyuoni wanasomea nini miaka miwili. Nakala mia moja, kila moja mshono mmoja wa nguvu, na uzi nikauacha mrefu mwishoni kwa urembo.

Kisha ulinzi. Modest asije akatoa kopi. Kila nakala nimeipiga mhuri wangu wa duara, IMEIDHINISHWA, kwenye ukurasa wa nyuma, na sahihi juu yake. Nilipokuwa nagonga nilipata hisia kwamba kwenye ukurasa ule kulikuwa na kitu natakiwa kukifanya. Kitanijia.

Jambo moja dogo. Nilipomaliza nilichukua nakala moja niisome. Haikufunguka. Nimeshona upande wa kufungulia. Zote mia.

Nimekaa nikalitafakari. Ni mkakati. Mtu akishalifungua bure hanunui.

Jumatano, 13 Novemba

Newala tena, nje ya geti la shule moja ya sekondari, muda wa kutoka. Vijana kama mia tatu. Nimeuza sifuri.

Binti mmoja, Pili, aliniamkia kwa adabu, akaliangalia jalada, uso ukambadilika. Akaniambia pole sana, akauliza marehemu alikuwa nani yangu. Nikamweleza kwamba mwenye duara ni mimi. Akarudi nyuma hatua mbili. Wenzake wakajaribu kulifungua, wakashindwa, mmoja akauliza kama ni bahasha. Kizazi hiki hakina subira.

Stamili alikuja mbio kutoka kibandani, amebeba mfuko wa kuwekea nakala za kumpelekea mama yake. Akauliza yeye yuko wapi jaladani. Nikamwonyesha jicho. Alichukua nakala moja, akaikunja taratibu, akarudi kazini. Hii ni shajara yangu, naweza kusema ukweli: nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya mpaka stendi.

Stendi Mama Oliva akaniomba zile karatasi, afungie ming'oko. Nikamjibu kwa ukali kwamba ni jarida, na kama anataka kusaidia aniuzie, nitamkatia chake. Akaligeuza nyuma. Akasoma. Akaugusa mhuri kwa kidole. Akauliza kama hii ni ya wiki hii kweli. Nikasema imetoka mashineni Jumapili. Akafunika sufuria yake, akajitwisha mzigo wote wa nakala na kuondoka bila kuaga.

Siku tatu zimebaki. Nimechungulia stoo. Kuna panya.

Alhamisi, 14 Novemba

Mama Oliva kapiga simu saa moja asubuhi. Zimekwisha.

Nikamwambia arudie. Zimekwisha, zote tisini na tisa, na kuna watu wamemkasirikia kwa kukosa. Wengi akina mama. Nilijua tu, muziki hauna umri.

Akauliza kama kesho ni saa tatu kamili au na nusu. Sikumwelewa, lakini mhariri haonyeshi kwamba haelewi. Nikamwambia kila kitu kimeandikwa kwenye jarida na alifuate kama lilivyo. Kanishukuru mno, kaniombea na heri.

Ijumaa, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nimefika Newala saa mbili na nusu. Kwenye kioski cha maji karibu na soko kulikuwa na wanawake wasiopungua sitini, kila mmoja na ndoo au dumu, na kila mmoja na Vaibu la Staha mkononi. Nikapanda juu ya tofali na kuanza kuwashukuru kwa kuja kunilaki. Mama Oliva akaniomba nishuke, tofali lile limemshikia mtu nafasi kwenye foleni.

Mbele alikuwepo Mzee Jafari, anayeshika ufunguo wa koki ya tangi la mtaa. Alikuwa akisema hawezi kufungua, hajapata maelekezo. Wakamuuliza kama tangi lina maji. Akasema lina maji, limejaa wiki ya tatu sasa, yeye anangoja maelekezo. Ndipo Mama Oliva akampa jarida, limegeuzwa nyuma. Mzee Jafari akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: Kumi Kali za Wiki. Ijumaa, kioski cha sokoni, saa tatu asubuhi. Akaukagua mhuri, akaukagua tena kwenye mwanga. Akasema, "Kama imeidhinishwa, mimi nani?"

Akafungua. Maji yakatoka kwa kishindo, vigelegele vikapaa, mama mmoja akanimwagia kopo zima kichwani kwa furaha. Hapo ndipo nilipokumbuka kile kitu nilichotakiwa kukitoa kwenye ukurasa wa nane.

Bahati nzuri hakuna aliyeligundua kosa hilo.

Baadaye Mama Oliva kanikaribisha kwake. Ukutani, kwenye msumari, Vaibu la Staha linaning'inia kwa ule uzi wangu mrefu. Ukurasa wa nyuma uko nje, jalada limeelekea ukutani. Kwa jirani yake hivyo hivyo. Nimeingia nyumba tano, zote hivyo hivyo. Mwanzo sikuelewa. Kisha nikaelewa: wanalikinga jalada lisishike moshi. Mtu anayenipenda mpaka kunihifadhi uso namna hiyo sijampata hata nyumbani kwangu.

Jumamosi, 16 Novemba

Hukumu. Mama Devotha kauliza kwanza nani kamaliza uzi wake wa kahawia. Kisha kaomba nakala. Nilikuwa nimebakiza ile Stamili aliyoichukua, aliyonirudishia jana bila salamu. Mama Devotha kaangalia jalada, akafumba macho. Kaangalia mshono, akashika kiuno. Kaligeuza nyuma, akasoma, akaniomba nimsimulie ya jana. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Lakini ni mwanamke wa neno lake. Chumba ni changu, kasema. Mpaka toleo la pili.

Nimemuuliza kwa nini mpaka toleo la pili. Kasema anataka kwanza aone nitakachokifanya na ukurasa wa nane.

Jioni Modest kavuka barabara mwenyewe, na chupa ya wino mwekundu mkononi, zawadi. Anataka tushirikiane. Ana shemeji yake kule kwenye mambo ya maji, ratiba mpya ataipata kila wiki, tuchape ukurasa wa nane peke yake. Peke yake! Bila jalada! Wivu wa mtu huyu hauna aibu. Wino nimeupokea.

Jumatatu, 18 Novemba

Mipango ya toleo la pili. Nakala mia tatu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Stamili. Sauti imepoa, shikamoo imerudi. Anasema kazunguka mtaani na kuona mwenyewe, na ana ombi moja: safari hii nimtoe jaladani nimweke ukurasa wa nyuma, pembeni ya ratiba, hata kapicha kadogo. Nimesikitika. Msichana ana kipaji lakini hana malengo.

Simu ya pili, Mama Oliva. Ratiba inaishia Alhamisi. Mzee Jafari ametangaza kwamba bila karatasi yenye mhuri hagusi koki, na mtaa mzima unanisubiri. Nimemwambia awatoe hofu, jarida linakuja.

Devotha kanikalisha chini. Alizungumza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Baba, wananunua mgao wa maji. Hawajui hata kama kuna muziki humo, halifunguki. Nimemsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia siku moja akikua atauelewa usanifu.

Maamuzi ya bodi ni haya. Tangazo lile la zamani linatoka, ni aibu kwa jarida la kisasa. Mhuri pia unatoka, unachafua, na hakuna aliyeujali isipokuwa mzee mmoja. Kwa kuwa wasomaji wamezoea kututundika ukurasa wa nyuma ukiwa nje, ukurasa wa nane wote utakuwa picha yangu, bila duara, kwa wino mwekundu wa Modest. Na mshono umependwa, kwa hiyo nitashona pande zote nne.

Nimemsomea Mama Devotha maamuzi yote. Hakubisha hata moja. Ameinuka, kachukua futi yake ya kushonea, na sasa hivi ninavyoandika yuko chumba cha mbele anapima dirisha, mlango, na pale kwenye kompyuta yangu ambapo meza kubwa inaweza kukaa. Anaimba wimbo wa kwaya.

Ananishonea pazia. Hatimaye mwanamke huyu ameniamini.